Taa ya Paji la Uso

Mpondwe, siku ya soko. Elfu hamsini za kikundi
nimezifunga kwenye pembe ya leso, mafundo mawili.
Jumatatu napanda mlima na mizigo ya watu.
Bwambale, msimamizi wa wapagazi, kasema:
buti za mpira tutakupa, taa ujinunulie,
na usije na ile ya kushika,
mikono ina kazi yake huko juu.

Muuzaji wa kwanza ana boksi lenye picha ya simba
na maandishi: LUMENI LAKI TISA.
Laki tisa! Hata jua la Katwe linalokausha chumvi
sidhani linafika hapo.
Nimeiwasha chini ya meza, kwenye giza la magunia:
katikati doa jeupe kama yai lililopasuka,
pembeni hakuna kitu.
Nimeitikisa sikioni. Kuna njugu inacheza ndani.
“Elfu kumi na mbili tu, dada, bei ya bure.”
Ndiyo maana naiogopa, nikamwambia.

Wa pili ana ya kuchaji, nyepesi, nzuri kweli,
elfu themanini na tano.
Nimeivaa. Nimeivua.
“Na soketi iko wapi kule kwenye mawe?”
Akaitazama milima, akautazama waya wake,
akacheka, tukacheka.

Wa tatu ni Kavira, wa ng'ambo ya mto,
hesabu anafanya kwa Kifaransa, ugomvi kwa Kiswahili.
Taa yake haina simba. Plastiki ya kijivu,
betri tatu nyembamba, zile zinazouzwa
hata duka la mwisho la Kilembe
kati ya chumvi na viberiti.
“Inazuia maji,” akasema.
“Nitajuaje?”
Akaniangalia kama mtu aliyetukaniwa ukoo,
akaichukua ikiwaka,
akaitumbukiza kwenye beseni la muuza chai.
Tukainama wote watatu, vichwa karibu kugongana:
chini ya povu, katikati ya vikombe vichafu,
mwezi mdogo
haukonyezi hata.

Ina mwanga mwekundu pia. Wa nini?
Wa kumgeukia mtu usiku bila kumchoma macho,
wa kutoka kwenda chooni
kibanda kizima kikiendelea kukoroma.
Elfu arobaini na tano. Thelathini. Arobaini.
Tumefungia thelathini na sita, pakiti ya betri juu yake.
Muuza chai bado anadai vikombe vyake vioshwe upya.

Usiku lala nayo kwapani, Bwambale alionya,
baridi hunywa betri
kama mlevi anayenunuliwa.

Lakini mlima haukuwa wa kwanza kuiona.
Mbuzi wa mama aliuchagua usiku uleule.
Mama ana bonde kwenye paji la uso,
kidole kinaingia,
pale ulipokaa mkanda wa mzigo miaka arobaini:
kuni, kahawa,
siku moja mimi, na homa yangu, juu ya kuni.
Nikaulegeza mkanda mpya nikamvisha.
Ukaingia bondeni, ukatulia.

Akainama. Mkono wa kulia ukaenda kwa mbuzi,
wa kushoto ukabaki hewani,
umezoea kushika kibatari,
haujui uende wapi.
Kisha nao ukaenda.

Nilingoja aseme neno.
Akasema: “Mbona haina uzito?
Elfu thelathini na sita umelipia nini?”

Walizaliwa wawili. Taa hakuizima.
Akaenda nayo jikoni, akaenda nayo migombani
ambako hakuwa na shida yoyote,
akagonga kwa Masika, jirani, saa tisa ya usiku,
amwonyeshe ule mwekundu.

Alfajiri ilikuwa imefifia, rangi ya chai ya mkandaa.
Kwenye leso zimebaki elfu kumi na nne, fundo moja.
Betri ni elfu sita.